Redio za Pembetatu

Kabla hamjauliza bei, wanangu, kigeuzeni kitu mkitazame mgongoni. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja kuniaga kabla ya kupanda ndege kwenda Guangzhou, na wengi hucheka, kwa sababu walitarajia niwape jina la hoteli. Hoteli mtaipata. Mgongoni mwa bidhaa ndiko kuna maneno madogo ambayo watu hawana subira nayo, na mimi nimelea watoto wangu kwa kuyasoma kwa niaba ya wengine.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani na ukaguzi wa bidhaa. Nilikwenda China nikiwa mwanafunzi, nikasomea mitambo kwa Kichina, na nilipomaliza nikakuta wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja wameanza kufika Guangzhou na fedha kiunoni bila neno hata moja la lugha. Nikabaki. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Msidhani mtaa wa Dengfeng wa wakati ule ndio huu mnaousikia, wa migahawa ya kwetu na vibanda vya simu mlango kwa mlango. Tulikuwa wachache kiasi kwamba ukimwona Mwafrika mwenzako upande wa pili wa barabara unavuka kwenda kumsalimia, hata kama hujui anazungumza lugha gani.

Mtaniuliza, sasa watu walinunuaje bila lugha? Kwa sampuli. Unakuja na kitu mkononi, unakiweka juu ya meza ya laoban, yaani mwenye duka au kiwanda, unakigonga kwa kidole na kusema "yiyang", maana yake kama hiki hiki. Laoban anaandika bei kwenye kikokotoo. Wewe unafuta, unaandika yako. Anacheka, anafuta. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Kwa nguo na viatu vya kule soko la Zhanxi njia hiyo ilitosha kabisa. Shati ni shati; likikubana utajua palepale. Lakini kifaa cha umeme kina tumbo, na tumboni mwake hakufiki kidole.

Aliyenifundisha jambo hilo ni Mzee Nassor, Mzanzibari aliyekuwa akinunua feni na pasi tangu siku ambazo njia ilikuwa ni Hong Kong tu. Yeye hakuja na sampuli moja, alikuja na mbili. Moja ilibaki kwa laoban na nyingine aliondoka nayo, zote zimefungwa kwa uzi na kutiwa saini ya pande zote mbili juu ya fundo. Siku moja tulifika kiwandani tukakuta feni zimefungwa mota kinyume. Ukiwasha, upepo unakwenda nyuma, unaupiga ukuta. Nilikuwa kijana, nikataka kupiga kelele. Mzee Nassor akaketi, akavua kofia, akajipepea nayo.

"Mwambie ni nzuri," akasema. "Tutawauzia wanaolala nyuma ya feni."

Laoban alicheka mpaka akashika mbavu, na wafanyakazi wake wakacheka, na mota zote zikafunguliwa na kugeuzwa. Njiani kurudi mzee akaniambia, "Shaabani, ukimfedhehesha mtu mbele ya watu wake utapata ushindi. Feni hutapata." Niliyahifadhi maneno hayo, na yalikuja kunifaa siku ya redio za pembetatu, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Redio hizi zilikuwa ndogo, za kaseti, zenye maiki ya waya ambayo unaichomeka pembeni. Kule zilikotengenezwa walidhani ni za watoto kuchezea. Kwetu zilipata kazi nzuri zaidi: walimu wa madrasa walizipenda, kwa sababu mtoto anashika maiki, anasoma kaswida yake, inaingia kwenye kaseti, kisha anajisikiliza alipokosea. Zikifika Kariakoo haziumalizi mwezi.

Sasa, baadhi ya redio hizo zilikuwa na stika ya manjano mgongoni, yenye pembetatu nyeusi na maandishi ya Kiingereza madogo kama mayai ya chawa. Zilikuwa masalio ya oda za Marekani zilizobaki viwandani, zikauzwa sokoni kwa yeyote. Na kweli zilikuwa imara. Basi wateja wa Kariakoo wakafanya hesabu yao: yenye pembetatu ni ya Marekani, isiyo na pembetatu ni feki. Mtu akiingia dukani hasemi nataka redio. Anasema nataka ya pembetatu. Nimeona kwa macho yangu redio ambayo mwenyewe amebandika selotepu juu ya stika ili isichubuke. Wafanyabiashara nao wakaja Guangzhou wakitafuta pembetatu kama watu watafutavyo dhahabu.

Mmoja wao alikuwa Mama Saida. Alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na ndani ya mkoba wake hakukosa chupa ya achari, maana alisema tambi za Wachina zinahitaji kuamshwa. Alikuwa na duka Kariakoo ambalo bintiye Saida alilisimamia akiwa yeye safarini. Saida alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto, na mwaka ule hatimaye alikuwa mjamzito. Mama yake alikuwa akilitaja jambo hilo kila tulipoonana, hata tukiwa tunazungumzia maboksi.

Oda hiyo aliiweka mwenyewe, kabla hatujaanza kufanya kazi pamoja, kwa njia ile ile ya sampuli na kidole. Alikuwa amewaahidi walimu wa madrasa kwamba redio zitafika kabla ya Maulidi, watoto wafanye mazoezi ya kaswida. Katoni chache alikwishazituma kwa ndege, na Saida alikuwa akizifungua dukani, akijaribu kila redio na kuviringisha nyaya zake vizuri kabla ya kuuza. Zilizobaki zilikuwa bado kiwandani zikisubiri kontena. Akaniita nikazikague.

"Nitazamie tu kama zimetimia, mwanangu," alisema tukiwa kwenye basi kutoka kituo cha Liuhua, mvua ya kule ikitupiga madirishani. "Na kama kila moja ina pembetatu yake. Pembetatu ndiyo roho ya biashara."

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji. Mwenyewe aliitwa Liang, mtu mwembamba, mpole, mwenye sinia la chai ofisini kama mabosi wote wa jimbo lile la Guangdong. Msimamizi wa mstari wa kuunganishia redio alikuwa mwanamke aitwaye Qiu, ambaye hakutabasamu bure. Nikachukua redio moja, nikaigeuza, nikasoma. Kisha nikaisoma tena.

"Mama Saida, unajua stika hii inasema nini?"

"Inasema Marekani."

"Inasema nini kuhusu Marekani?"

"Ah, Shaabani, usinichoshe. Inasema kitu kimepimwa. Kitu kisichopimwa kitabandikwa karatasi nzuri namna hiyo?"

"Inasema onyo. Inasema nyaya za redio hii zina madini ya risasi, ambayo hudhuru watoto na mimba. Inasema mtu anawe mikono baada ya kuzishika."

Alinitazama kama ninayemfanyia utani usiofaa. "Soma tena," akasema. Nikasoma. "Polepole." Nikasoma polepole, neno kwa neno, kidole changu chini ya kila neno. Akakaa juu ya boksi.

"Saida," akasema.

Liang hakuelewa maneno, lakini alielewa uso. Akauliza kuna nini, nikamweleza kwamba binti wa mama huyu ana mimba na anashinda na nyaya hizi mikononi. Bila kuambiwa, akamsukumia simu ya mezani. Kumbukeni, wakati ule kupiga simu Tanzania kutoka China ilikuwa anasa. Watu walitayarisha maneno yao nyumbani kwanza. Mama Saida akapiga, na mimi nilisikia upande wote wa pili, kwa sababu Saida alirithi sauti ya mama yake.

"Saida, weka chini unachokishika."

"Mama? Shikamoo. Kuna nini, nafungua yale maboksi ya..."

"Marahaba. Weka chini. Kanawe mikono kwa sabuni."

"Haya, nitanawa."

"Si utanawa. Nenda, nakusubiri."

"Simu ya kutoka China, mama, unaishika unisubiri ninawe?"

"Nenda."

Tukasubiri. Liang akaninong'oneza, "Imekatika?" Nikamwambia hapana, binti ananawa mikono. Akaitazama simu yake kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekubali hoja.

Wakati mama akimweleza binti, mimi nilimuuliza Liang stika imefikaje hapo. Akaenda kabatini akaleta sampuli ya Mama Saida.

"Aligonga hapa," akasema, akinionyesha pembetatu. "Hakugonga redio. Alipogonga redio aligonga mara moja. Hapa aligonga mpaka nikaogopa atatoboa. Wateja wangu wa Marekani wananisumbua niwaondolee stika hii. Yeye ananisumbua niiweke. Nikasema moyoni, Waafrika wana sababu zao."

Hapa niwaeleze jambo, maana ndio mzizi wa kisa, na mtalikuta mahali pengine likiwa na sura nyingine. Plastiki ya waya ni kama unga uliokandwa: ukiipitisha kwenye moto wa mashine huharibika, isipokuwa utie kitu cha kuishika. Zamani kitu cha rahisi kilichotumika kilikuwa risasi. Waya hauwi mbaya kwa hiyo. Unapitisha umeme vizuri, haunuki, haupasuki. Ndiyo maana huwezi kuijua kwa kuugusa wala kuukunja. Ila kidogo kidogo risasi hiyo huchujuka ikabaki mikononi, na mkono huenda mdomoni. Mtu mzima akishika mara moja hana haja ya kukosa usingizi. Mtoto mdogo anayetafuna, na mimba, hao ndio wa kulindwa.

Kule Marekani kulikuwa na jimbo ambalo sheria yake haikukataza kuuza kitu cha namna hiyo, bali ilikataza kukiuza kimya kimya. Kikundi cha raia kikamshtaki mwagizaji wa redio za Liang kwa kutoweka onyo. Kesi haikufika hukumuni. Walikaa na mawakili wao wakaandikiana suluhu. Mwagizaji hakukiri kosa, na kikundi hakikumdai akiri. Kilichodaiwa ni kwamba baada ya muda fulani, kila redio iingiayo iwe na waya uliotengenezwa kwa njia nyingine, au iwe na stika ya onyo. Vijana wengi nikiwaeleza suluhu ya namna hii huudhika. Husema, mbona hakuna aliyeshinda? Nawaambia watazame waya. Suluhu ile ilivuka bahari ikaingia mpaka kwenye mashine ya Liang: mwagizaji aliona ni heri kubadili plastiki kuliko kuuza redio yenye maneno ya kutisha, akamwagiza Liang waya safi. Masalio yenye stika yakatupwa sokoni. Na sampuli ya Mama Saida ilitoka hapo.

"Kama waya safi mnao," nikamuuliza Qiu, "kwa nini hamkuutia kwenye redio zetu?"

Akanijibu kama anayejibu mtu asiyejua kujumlisha. "Stika inasema ndani kuna risasi. Ningetia waya safi, stika ingekuwa inasema uongo. Mimi sitoi bidhaa yenye stika ya uongo kwenye mstari wangu. Nilikwenda ghalani mwenyewe kutafuta roli za waya wa zamani."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Redio safi zilikwenda Marekani bila stika, na sisi tukaomba zenye onyo kwa bidii, na mwanamke mwaminifu akahakikisha onyo letu ni la kweli. Nilimtafsiria Mama Saida nikitumaini atacheka. Hakucheka.

"Mwambie sichukui hata boksi moja," akasema. "Na mwambie, hapa pana mtu alijua, akanyamaza."

Nikamwomba radhi Liang, nikamtoa mama nje, tukasimama chini ya paa la kupakilia mizigo. Nikamuuliza, "Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa."

"Akishasema?"

Mvua ilikuwa inamwagika mbele yetu kama pazia.

"Nataka waya usionitia hofu," akasema. "Wa wale watoto wa Maulidi. Na wa Saida."

"Hilo la pili tunaweza kulipata leo, mama. Tukianza kudai la kwanza, atasema ni wewe uliyegonga stika, na wewe utasema ni yeye aliyenyamaza, na nyote wawili mtakuwa mmesema kweli. Jua litatua tukiwa hapo hapo, na redio zitakuwa na waya ule ule."

"Umekuwa Mzee Nassor siku hizi," akasema, lakini akarudi ndani.

Liang alikuwa ameosha vikombe. Pale Guangdong chai ya ofisini hunywewa kwa vikombe vidogo mno. Mama Saida alikitazama chake. "Huyu ananipa chai au dawa ya kikohozi?" Kuna desturi yao: mtu akikumiminia chai, unagonga meza kwa vidole viwili, polepole, ndiyo shukrani. Nikamweleza. Akaweka mikono yake mapajani.

"Mwambie vidole vyangu vimechoka kugonga. Mara ya mwisho nilipogonga humu alinipa sumu."

Liang akanigeukia akisubiri tafsiri. "Mama anangoja chai ipoe," nikasema. Hapo ndipo penye ufundi wa kazi yetu, na msinifahamu vibaya. Neno la bei, la kipimo, la tarehe, la ahadi, sikulibadili hata herufi katika maisha yangu. Lakini hasira ya mtu ni kama chungu kilichotoka jikoni. Unaweza kukibeba, ila kwa kitambaa.

Tukaanza. Nilimwambia Liang kwamba hakuna anayetafuta mkosaji hapa, kama walivyofanya wale wa Marekani, tunatafuta redio. Niliona mabega yake yakishuka. Akasema roli za waya safi zipo za kutosha. Qiu akasema nyaya zenyewe ni mbili tu kwa kila redio, wa umeme na wa maiki, zote za kuchomeka. Hakuna haja ya kufungua tumbo. Gharama ya nyaya Liang akaibeba, na Mama Saida akabeba ya kufungua maboksi na kuyafunga upya. Nikadai kipimo. Kiwandani walikuwa na dawa ya kupimia: unalowesha pamba, unausugua waya, kama kuna risasi pamba inageuka ya waridi. Qiu akasugua waya wa zamani mbele yetu. Pamba ikageuka. Akachukua pamba nyingine, akasugua waya safi. Ikabaki nyeupe. Mama Saida akaichukua ile pamba nyeupe, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaitazama pande zote.

"Asugue tena," akasema. Akasugua tena.

"Na zile za Dar?" akauliza. "Nyingine zimeshauzwa."

Liang akanyoosha mikono kwa ukarimu. "Akiniletea waya wa zamani, nitampa mpya. Wowote atakaoleta." Alisema hivyo kama mtu anavyosema karibu nyumbani, akijua mgeni anakaa mbali.

"Liandike hilo," akasema Mama Saida. Likaandikwa.

Nilidhani tumemaliza, nikawa nakusanya vitu vyangu. "Na pembetatu?" akauliza.

"Pembetatu ya nini tena, mama?"

"Shaabani, bila pembetatu Kariakoo hawanunui. Watasema nimeleta feki."

Nikacheka mpaka machozi, na nilipomweleza Liang, naye akacheka, na nadhani niliona hata Qiu akigeuza uso. Lakini mama alikuwa na haki. Watu walikwishajifunza kutazama mgongoni. Ingekuwa hasara kuwafundisha wasitazame. Basi nikaomba karatasi, nikaandika stika mpya, kwa Kiswahili, pembetatu ya kijani: Nyaya za redio hii zimetengenezwa bila madini ya risasi. Osha mikono kabla ya kula.

"Ongeza, si za kutafunwa," akasema Mama Saida.

"Si umesikia ni safi?"

"Huwajui watoto wa madrasa wewe. Ongeza."

Nikaongeza. Qiu akataka nimfasirie kila neno, kisha akasema stika hiyo haitabandikwa mpaka kila roli la waya lipimwe, maana sasa maneno yamegeuka na yeye atayalinda kama alivyoyalinda ya kwanza. Sikuwahi kumpenda mkaguzi mwenzangu kama nilivyompenda siku ile. Liang akajaza vikombe. Mama Saida akanywa, akarudisha kikombe, akasimama. Hakugonga meza.

Redio ziliwahi Maulidi. Niliambiwa watoto walisoma vizuri, na kwamba wateja wachache walilalamika pembetatu imebadilika rangi, wakaambiwa hiyo ya kijani ni toleo jipya, wakaridhika.

Kisha joto likapungua Guangzhou, na siku moja Mama Saida akanipigia yuko uwanja wa ndege, nimfuate haraka, watu wa forodha wamemzuia. Nikamkuta na sanduku wazi, maofisa wamelizunguka. Ndani kulikuwa na nyaya tupu. Kila mmoja umeviringishwa ndani ya mfuko wake wa rambo na kufungwa fundo, na juu yake glavu za kuoshea vyombo. Alikuwa amepita madrasa kwa madrasa na nyumba kwa nyumba kuzifuata zile zilizouzwa mwanzo. Nimefanya kazi Guangzhou miaka mingi, nimeona watu wakiondoka na vitu vyote ambavyo mwanadamu anaweza kuvibeba. Yeye peke yake ndiye niliyemwona akiurudisha mzigo wa Guangzhou kutoka Kariakoo. Ofisa mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama Afrika hawana mahali pa kutupia nyaya.

Wakatuachia, na Mama Saida alipoufungua mfuko wa kwanza juu ya meza ya Liang, Liang alitaka kucheka, kisha akaacha. Akainuka, akatoka, akarudi amekumbatia nyaya mpya yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Akasema nimwambie mama kwamba waya wa zamani haununuliwi tena kiwandani hapo, kwa oda ya nchi yoyote. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya mkasa wetu. Akasema ni kwa sababu Qiu alimwambia amechoka kutenganisha roli za aina mbili kwenye mstari mmoja. Nawaambia hivi msije mkadhani mambo mema huja tu kwa hotuba. Wakati mwingine suluhu ya watu wasiokujua, mama mmoja mbishi na msimamizi aliyechoka hubadili kiwanda kizima.

"Na binti?" Liang akauliza.

Nikatafsiri. Mama Saida akaendelea kuifunga mifuko mitupu.

"Amejifungua mwezi uliopita. Msichana. Mwambie ni mzima, analia kama mwadhini."

Neno mwadhini lilinitaabisha kulifasiri, lakini mzima Liang alilielewa kabla sijamaliza. Akachukua birika, akammiminia chai. Chai ilikuwa haijafika nusu ya kikombe nilipousikia mlio juu ya meza: vidole viwili, taratibu, bila mtu kumkumbusha.

Nilipostaafu na kurudi nyumbani, Saida aliniletea mojawapo ya redio zile, ya kwao wenyewe, aliyoiweka miaka yote. Kaseti hazipatikani tena, lakini inawaka. Vijana wakija kuniaga huwapa waigeuze, wausome ule mgongo kwa sauti mpaka mwisho, si za kutafunwa. Kisha huwaonyesha waya wa maiki, pale karibu na kichwa chake, penye alama ndogo za meno ya mtoto, nyingi, zimepangana vizuri. Ni za yule msichana.